Kiu na Kipimo: Soko, Jumba la Maduka na Hekalu mjini Bangkok

Katika njia panda ya Ratchaprasong, katikati ya Bangkok, treni hupita juu, usawa wa ghorofa, na chini ya reli zake kuna daraja refu la waenda kwa miguu linalounganisha jumba moja la maduka na jingine. Mnunuzi anaweza kuzunguka mchana kutwa bila kukanyaga lami. Akisimama kidogo na kuchungulia konani, huona kibanda cha sanamu ya Brahma mwenye nyuso nne, moshi wa udi, mashada ya maua ya manjano, na wanawake wenye taji wakicheza ngoma ya jadi kwa malipo. Akielekea magharibi, kati ya CentralWorld na Siam Paragon, hukuta Wat Pathum Wanaram, hekalu lililojengwa kwa amri ya Mfalme Mongkut mwaka 1857, zamani ambapo huko kulikuwa nje ya mji, mahali pa mabwawa na yungiyungi. Ndani ya ukuta wa hekalu watu wameketi kimya, wamefumba macho. Upande wa pili wa ukuta, jozi moja ya viatu inauzwa kwa mshahara wa mwezi mzima wa mfagiaji wa barabara.

Mandhari hayo yamewafanya wageni wengi waulize swali moja. Buddha alifundisha kwamba mateso ya binadamu chimbuko lake ni tamaa. Inakuwaje basi mji ambao wakazi wake walio wengi ni Wabudha uwe unasifika duniani kwa kununua na kuuza? Jibu la mkato ni kwamba watu ni wanafiki, kama walivyo kwingine. Lakini jibu hilo linachukulia kwamba tamaa makazi yake ni dukani na utulivu makazi yake ni hekaluni, na hapo ndipo linapokosea. Mafundisho yenyewe hayakuweka mpaka hapo, na Bangkok haikuuweka hapo pia.

Neno la Kipali linalofasiriwa kuwa tamaa ni tanha, na maana yake ya asili ni kiu. Si kila kutaka ni tanha. Mtawa na mwanazuoni wa Kithai P. A. Payutto, aliyeandika juu ya uchumi kwa macho ya Kibudha, anatenganisha tanha na chanda. Chanda ni kutaka kunakolenga jema la kitu chenyewe: mwenye njaa anataka chakula ili mwili upate nguvu, na mwili ukishapata, kutaka kumekwisha. Tanha inalenga raha ya kutaka, kwa hiyo haina pa kuishia. Tumbo limejaa lakini ulimi unaomba tena. Kiswahili kina kitenzi kinachokaribia sana jambo hili, nacho ni kukinai. Kwa wazee wa pwani aliyekinai ni mtu aliyeridhika na fungu lake, ilhali katika mazungumzo ya siku hizi aliyekinai chakula ni yule aliyekila mpaka kikamchosha. Maana hizo mbili zimekaa katika neno moja, na ndizo hasa ambazo Payutto anataka msomaji azitenganishe: kutosheka, na kuchoka kwa kula bila kutosheka.

Kwa hiyo mfanyabiashara hakuwahi kuwa adui katika vitabu vya kale. Masimulizi yanasema kwamba walei wa kwanza kabisa kumfuata Buddha baada ya kuamka kwake walikuwa wachuuzi wawili wa msafara, Tapussa na Bhallika, waliompa chakula cha unga na asali. Tajiri Anathapindika wa Savatthi, mfadhili wake mkubwa, ndiye aliyenunua bustani ya mwanamfalme Jeta ili watawa wapate pa kukaa. Kilichokatazwa ni biashara za namna tano: silaha, viumbe hai wakiwemo watu, nyama, vileo na sumu. Zaidi ya hapo mlei aliachiwa atafute mali kwa jasho na haki, na akapewa hata mashauri ya matumizi. Kijana Sigala alielekezwa aigawe mali yake mafungu manne: moja la kutumia, mawili ya kuzungusha kazini, na la nne la kuweka kwa siku ya shida. Mlei mwingine, Dighajanu, aliambiwa aishi kama mtu aliyeshika mizani, ambaye anajua upande huu umeshuka kwa kiasi gani na ule umepanda kwa kiasi gani. Anayetumia kupita pato lake alifananishwa na mtu anayetikisa mtini mzima ili ale tini chache. Anayejibania ilhali anacho aliambiwa atakufa kifo cha fukara.

Mizani, basi, ni chombo cha sokoni kilichoingia katika mahubiri. Linalobaki ni kuangalia ni wapi Bangkok bado inapima, na wapi imeacha kupima.

Soko maarufu kuliko yote mjini humo ni Chatuchak, linalofunguliwa hasa Jumamosi na Jumapili. Asili yake ni mwaka 1948, serikali ya Phibun Songkhram ilipotaka kila mji uwe na soko la wazi. La Bangkok lilihamahama, likakaa miaka mingi katika uwanja wa Sanam Luang karibu na ikulu, na mwaka 1982 likapelekwa lilipo sasa. Lina maelfu ya vibanda chini ya mabati, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mikoba hupishana ubavu ubavu. Joto ni kali. Mwenye kibanda hukaa kwenye kigoda cha plastiki nyuma ya rundo la mashati, feni ndogo imebanwa kwenye bomba la chuma juu ya kichwa chake, na ukutani yupo Nang Kwak, sanamu ya mwanamke aliyepiga magoti akiita wateja kwa mkono. Mbele yake kuna chupa ya Fanta nyekundu iliyotiwa mrija, ili aliye sanamuni asipate taabu ya kunywa. Katika simulizi zake Nang Kwak ni binti wa wachuuzi, na watawa walimwombea heri. Kazi yake ni kuleta watu mlangoni, basi.

Mnunuzi huuliza kama bei inapungua. Muuzaji hajibu kwa mdomo, huchukua kikokotoo, huandika 350, hukisogeza mezani. Mnunuzi hufuta, huandika 200. Muuzaji hucheka, si kwa dharau, huandika 320 na kuugusa upindo wa shati kuonyesha mshono. Kikokotoo kikienda na kurudi mara mbili tatu hufika namba ambayo mmoja wao ataitazama kidogo, kisha atatikisa kichwa kukubali. Kama hayo ndiyo mauzo ya kwanza ya siku, mwenye mali huzichukua noti alizopewa na kuzigusisha bidhaa zake, rundo hili na rundo lile, huku akitamka neno la heri lenye asili ya Kichina, heng, heng, ili baraka ya kufungua biashara isambae.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh hahitaji mkalimani wa kumweleza mambo hayo, na wengi wao wameyaona kwa macho. Kabla ya Guangzhou kuwa njia kuu, wapo waliofuata nguo Bangkok, katika vichochoro vya Pratunam na chini ya mnara wa Baiyoke, wakifunga marobota ya kusafirisha. Huko hesabu ni tofauti na ya Chatuchak. Katika maduka mengi ya Pratunam na ya Platinum Fashion Mall iliyo jirani, anayechukua vipande vitatu hupewa bei ya jumla, anayechukua kimoja hulipa ya rejareja, na maneno huwa machache.

Mapatano ya bei yana maadili yake, na maadili hayo ni ya kale kuliko soko lenyewe. Kisa cha bustani ya Jeta kinaeleza. Anathapindika alipoiomba, mwanamfalme alijibu kwamba haitoki hata kwa sarafu zilizotandazwa ardhini ukingo kwa ukingo. Anathapindika akasema: bustani nimeichukua. Jeta akakana kwamba ameiuza. Shauri likapelekwa kwa waamuzi, nao wakakata kwamba kwa kuwa bei imetajwa, mauzo yamefanyika. Mikokoteni ya dhahabu ikaja. Jambo ambalo waamuzi wale waliliona ni kwamba kutaja bei si kupiga porojo. Ni kuweka ukomo, na aliyeuweka anafungwa nao. Anayepatana hana budi kujiuliza, kabla ya kuandika namba yake, kitu hiki nakitaka kwa kiasi gani, na kipi kitanifanya niondoke. Ni mara chache kutaka kwa mtu kunalazimishwa kujitaja kwa tarakimu.

Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito. Bei ya kupatana humwonea asiyejua lugha, mwenye haya, mgonjwa na mwenye haraka. Bangkok mgeni mweupe na mkazi wa mtaa hawaanzii namba moja. Waquaker wa Uingereza katika karne ya 17 walikataa kupatana kwa sababu hiyo hasa: kutaja bei ambayo muuzaji mwenyewe hategemei kuipata waliiona ni uongo, na mtoto atumwaye dukani alistahili bei ile ile ya baba yake. Bei moja iliyobandikwa kwenye bidhaa ilikuwa, mwanzoni, tendo la dhamiri. Katika fiqhi ya Kiislamu njia iliyochukuliwa ni nyingine: mapatano yameachwa huru, ila mnunuzi na muuzaji wana hiari ya kuvunja mapatano kabla hawajaachana, na aliyeficha kasoro ya mali amefanya hiana. Thomas Aquinas naye aliruhusu bei ielee kidogo, maana kiasi cha haki, kwa maoni yake, hakipimiki mpaka chembe ya mwisho. Wote hao walikuwa wanamlinda mtu dhidi ya mwenzake. Swali la Kibudha ni tofauti kidogo, nalo halina mlinzi wa nje: nani anamlinda mnunuzi dhidi ya kutaka kwake mwenyewe?

Jumba la maduka limelijibu swali hilo kwa kuliondoa. Mwaka 1964 duka la Kijapani la Thai Daimaru lilifunguliwa Ratchaprasong likiwa na kiyoyozi na ngazi za umeme, na watu walikwenda kupanda ngazi hizo kama waendao kupanda bembea. Tangu hapo majumba yameongezeka: Siam Center mwaka 1973, MBK mwaka 1985, Siam Paragon mwaka 2005, na Iconsiam ng'ambo ya mto Chao Phraya mwaka 2018. Terminal 21, iliyofunguliwa 2011, imepamba kila ghorofa kama mji mmoja wa dunia, hivi kwamba mtu anatoka Tokyo kwenda London kwa ngazi moja ya umeme. Ndani ya Iconsiam limejengwa soko la kuelea, lenye maji, mitumbwi na wauzaji wa vitafunwa, chini ya paa na katika ubaridi. Soko limekuwa pambo ndani ya duka.

Ndani ya majengo hayo bei imeandikwa, na Mquaker angefurahi. Lakini lililoandikwa ni bei ya kitu. Kutaka kwa mnunuzi hakuna anayekuulizia, na hakuna wakati ambao jambo linatangazwa kuwa limekwisha. Ngazi ya kushukia haikai mkabala na ya kupandia, ili mtu apite mbele ya vioo vingine kumi kwanza. Madirisha hayapo, kwa hiyo jua halizami. Punguzo la msimu mmoja huishia linapoanza la msimu mwingine. Kwa lugha ya Payutto, ni jengo lililosanifiwa kwa ajili ya tanha: linatunza hamu, na hutunza vizuri zaidi hamu ambayo haijajua inataka nini. Mtu huingia kwa sababu ya mvua, akatoka na mfuko.

Hata hivyo ni kosa kulilaani jumba zima. Katika mji ambao joto la Aprili hukaribia nyuzi 40, mahali penye ubaridi ambapo mzee anaweza kukaa saa tatu bila kununua hata maji ni sadaka ya namna yake, na familia nyingi za kipato kidogo huenda huko Jumapili kutembea tu, kama wengine waendavyo ufukweni. Watu hao wanapita katikati ya vitu vyote vile na kurudi nyumbani bila kitu, na si kweli kwamba wote wanarudi wakiwa na donge moyoni. Huenda wamo miongoni mwao waliofika mbali zaidi, katika somo la kukinai, kuliko mnunuzi anayejivunia kulipa nusu bei Chatuchak.

Upande wa hekalu, nako kuna biashara. Neno lake kuu ni bun, ambalo Kiswahili hulikaribia kwa thawabu, ingawa thawabu hutolewa na Mungu na bun haina mtoaji: ni tendo jema linavyozaa tunda lake, kama mbegu. Njia iliyo nyepesi zaidi ya kupata bun ni kuwapa watawa. Kando ya masoko, alfajiri, hupangwa mifuko ya wali, mchuzi na ua la yungiyungi, imefungwa kwa mpira, tayari kununuliwa na kutiwa katika bakuli la mtawa anayepita. Katika barabara ya Bamrung Mueang, karibu na Pembea Kubwa, maduka yamejaa ndoo za rangi ya machungwa zilizofunikwa kwa plastiki inayong'aa: ndani kuna sabuni, dawa ya meno, viberiti, majani ya chai, dawa za tumbo, na kipande cha nguo ya utawa. Ndoo hiyo huitwa sangkhathan, zawadi kwa jumuiya ya watawa. Baadhi ya wauzaji walizoea kujaza karatasi chini na vitu hafifu juu, hata maafisa wa ulinzi wa walaji wakadai zibandikwe lebo ya vilivyomo.

Hekalu lenye wageni wengi hupokea ndoo nyingi kuliko matumizi yake. Matokeo yake ni desturi ambayo kila mtu anaijua: ndoo zilizokwishatolewa hurudishwa mezani, mtoaji mpya hutia fedha sandukuni, hunyanyua ndoo, humkabidhi mtawa, husomewa baraka, na baada yake ndoo hurudi ilikotoka kumngoja mwingine. Ndoo moja inaweza kutolewa mara nyingi kwa siku. Anayeitazama kwa jicho la duka ataona bidhaa moja imeuzwa mara ishirini. Wanaoitetea hukumbusha kwamba Buddha alikitaja kitendo kuwa ni nia: kilichotoka mkononi mwa mtoaji ni kushikilia kwake, na hicho hakirudi mezani. Hoja ni nzuri. Inashindwa tu pale mtoaji anapokuwa hakuja kuachia kitu bali kuchukua, yaani kupata namba ya bahati nasibu au cheo kazini. Hapo ndoo imekuwa bei, na alichofuata ni bidhaa.

Lugha yenyewe inaona aibu. Mthai hasemi amenunua sanamu ya Buddha au hirizi ya mtawa mashuhuri, husema ameikodi. Katika soko la hirizi la Tha Phrachan, karibu na Wat Mahathat, wanaume huinamia meza wakiwa na kioo cha kukuzia jichoni, wakikagua udongo uliochomwa miaka mingi iliyopita, na mazungumzo yote ya fedha ni ya kodi. Hakuna anayetarajia kurudisha. Neno limewekwa pale kama pazia, na pazia si lazima liwe uongo. Linakumbusha kwamba kuna kitu kisichostahili kumilikiwa, hata na aliyekilipia.

Ngumu zaidi ni biashara ya kuachilia viumbe. Karibu na gati na mahekalu mtu huuziwa mkunga, kasa, konokono au ndege kwenye kizimba, ili amwachie huru na kupata bun. Kila kiumbe kina heri yake, kwa mfano mkunga huachiliwa ili kazi iteleze kama yeye, na kasa kwa ajili ya umri mrefu. Lakini ndege amenaswa ili aachiliwe. Bila mnunuzi mwema asingekuwa kizimbani, na muuzaji wake anafanya biashara ya viumbe hai, moja ya zile tano zilizokatazwa. Wema wa mmoja umemtengenezea mwenzake kosa. Watawa kadhaa wamelisema hilo waziwazi, na bado vizimba vipo, kwa kuwa raha ya kuona mbawa zikipiga mara ya kwanza ni ya papo kwa papo, na mtego uko mbali na macho.

Kwa kulinganisha, kibanda cha Brahma pale Ratchaprasong kina unyofu unaoshangaza. Si cha Kibudha hasa. Kilijengwa mwaka 1956 baada ya ujenzi wa Hoteli ya Erawan kuandamwa na mikosi, na mnajimu akashauri Brahma apewe makao. Hoteli ya kwanza ilikwisha kubomolewa, kibanda kikabaki. Mwombaji huja, hutaja anachotaka na atakacholipa kikipatikana: tembo wa mbao, mashada, au wachezaji wanne kwa wimbo mmoja. Akipata, hurudi kulipa nadhiri, wachezaji hutaja jina lake katika wimbo, naye huondoka. Hakuna deni. Mtu anaweza kudharau dini ya namna hii kwa kuwa ni ya nipe nikupe, lakini ina lile lile la sokoni, yaani mwisho uliotajwa. Kwamba watu wanakishika kwa uzito kulidhihirika vibaya mwaka 2006, mtu mmoja alipoipondaponda sanamu kwa nyundo na kuuawa papo hapo kwa kipigo. Tarehe 17 Agosti 2015 bomu liliua watu 20 mahali hapo. Siku mbili baadaye wenye nadhiri walikuwa wamerudi.

Mbali kabisa na nadhiri hiyo yenye ukomo ni Wat Phra Dhammakaya, kaskazini mwa Bangkok, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kukua kuwa miongoni mwa mahekalu makubwa kuliko yote nchini. Wakosoaji wake, wakiwemo Wabudha wanazuoni, wamelilaumu kwa kufundisha kwamba sadaka kubwa zaidi huzaa bun kubwa zaidi, bila dari. Mwaka 2017 polisi walilizingira kwa wiki kadhaa wakimtafuta abate wake wa zamani, aliyetuhumiwa kupokea fedha zilizoibwa katika chama cha akiba na mikopo; hawakumpata, na hekalu lilikana makosa. Tuhuma ni suala la mahakama. Kifalsafa lililo muhimu ni lile fundisho: ikiwa bun inaongezeka pasipo kikomo na daima ipo ya juu zaidi, basi kiu imevaa nguo ya utawa.

Upande wa pili kabisa limesimama kundi la Santi Asoke, lililoasisiwa na Bodhirak katika miaka ya 1970 na kutengwa na utawa rasmi. Wafuasi wake hula mboga na nafaka, na wana maduka, Bangkok na mikoani, yanayoendeshwa kwa itikadi waliyoiita bunniyom, neno lililogeuzwa kutoka thunniyom, ubepari. Wamepanga uuzaji ngazi nne: kuuza chini ya bei ya soko, kuuza kwa gharama, kuuza chini ya gharama, na mwisho kutoa bure. Faida ya muuzaji ni kile alichokubali kukipoteza. Ni jaribio la nadra la kuifanya bei yenyewe iwe zoezi la kiroho, na lina dosari moja ambayo waasisi hawakuweza kuikwepa: bei ya hasara humpoza muuzaji kiu, na papo hapo inaweza kumwashia mnunuzi, anayejikuta amebeba ndoo tatu za sabuni kwa sababu tu ni rahisi.

Serikali nayo ilipata neno lake. Tarehe 2 Julai 1997 baht iliachwa ielee, thamani yake ikaporomoka, na maghorofa mengi ya Bangkok yakabaki magofu ya zege. Desemba ya mwaka huo Mfalme Bhumibol alihutubia juu ya uchumi wa kutosheka, setthakit pho phiang, na pho, yaani inatosha, likawa neno la sera. Wapo walioliona kuwa ni hekima ya mizani ya Dighajanu. Wengine waliuliza kwa nini somo la kutosheka hufundishwa kwa bidii zaidi vijijini kuliko Siam Paragon. Aprili na Mei 2010 maelfu ya waandamanaji wa mashati mekundu, wengi wao kutoka kaskazini na kaskazini mashariki mwa nchi, walipiga kambi Ratchaprasong, wakipika na kulala mbele ya vioo vya maduka ambayo wasingeweza kununua kitu ndani yake. Tarehe 19 Mei jeshi liliivunja kambi. CentralWorld ikaungua, na watu sita walipigwa risasi wakafa katika Wat Pathum Wanaram, mahali palipotangazwa kuwa pa kukimbilia. Fundisho la kutosheka haliwezi kusomwa Bangkok bila siku hiyo, kwa sababu kuna tofauti kati ya aliyekinai na aliyeambiwa akinai.

Kipimo chenye umri mrefu kuliko vyote bado kinatengenezwa mjini humo. Katika mtaa wa Ban Bat familia chache hufua mabakuli ya watawa kwa nyundo kutoka vipande vinane vya chuma, idadi inayohusishwa na njia yenye sehemu nane aliyoifundisha Buddha. Kanuni za utawa zinalihusu bakuli hilo kwa undani unaokaribia wa karani wa ghala: chakula kisipite usawa wa ukingo, bakuli la ziada lisikae na mtawa zaidi ya siku kumi, na asiombe jipya mpaka la zamani liwe limezibwa mahali patano. Watawa wengi siku hizi hutumia la kiwandani, lililo rahisi zaidi, na wateja wakuu wa Ban Bat wamekuwa watalii. Fundi huligonga kwa kidole ili mnunuzi asikie mlio, hutaja bei, na kwa kawaida hashuki sana. Anayetaka kupatana huelekezwa kwenye bakuli dogo zaidi.